Vita vya Embe Hupiganwa Chini ya Mti

Ni mazao machache ya biashara yaliyoingia katika boma nyingi za Makueni na Kitui kama embe. Mahindi yakinyauka kwa kukosa mvua, mwembe husimama, na kati ya Novemba na Machi karo ya shule, deni la dukani na mbegu za msimu ujao hulipwa kwa kreti za Apple, Kent, Tommy na Ngowe. Ndiyo maana inauma kuona tunda lililovumilia ukame wa Kathonzweni au Mutomo likiangushwa na mdudu mwenye urefu wa milimita 8 hivi. Hasara ya nzi wa matunda katika maembe hutajwa na watafiti kuwa kati ya asilimia 30 na 80 ya mavuno pasipochukuliwa hatua, na mkulima aliyewahi kupasua embe la kuvutia akakuta funza ndani hahitaji kusadikishwa. Hoja yangu ni moja. Fedha na nguvu nyingi zinazotumika kupambana na nzi huyu zinaelekezwa juu, kwenye majani, kwa pampu ya mgongoni, ilhali sehemu kubwa ya ukuaji wake hupita ndani ya tunda na ndani ya udongo, mahali ambapo dawa haifiki. Anayetaka kumshinda hana budi amtambue kwanza, kisha ainame.

Tuanze na kumtambua, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Nzi wa matunda hawakuanza kuonekana Afrika juzi. Wale wa asili, wa jamii ya Ceratitis, wameishi katika matunda ya mwituni tangu kale, na mmoja wao, Ceratitis cosyra, huzaliana katika mng'ongo, mti unaoota wenyewe katika nyika. Huyo aliyashambulia maembe pia, lakini wakulima waliweza kuishi naye. Mambo yalibadilika mwaka 2003, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Kasarani, Nairobi, walipomnasa katika Pwani ya Kenya nzi ambaye hakuwa amewahi kurekodiwa barani. Alikuwa ametoka Asia. Mwaka 2005 wataalamu walimtangaza kuwa spishi mpya wakamwita Bactrocera invadens. Mwaka 2015, baada ya kulinganisha maumbile, jeni na tabia zake za kupandana, wengine wakathibitisha kuwa ni yule yule Bactrocera dorsalis aliyejulikana Asia kwa karne nzima. Mtu anaweza kudhani huo ni ubishi wa maabara usiomhusu mkulima wa Mbooni. Unamhusu sana. Jina lilipotengemaa, kila kilichokwisha kujifunzwa kuhusu nzi huyo huko India, Japani na Hawaii kiliweza kutumika hapa bila kuanza upya: anapenda nini, anaishi muda gani, anakufa kwa njia gani.

Kumtambua kwa macho kunawezekana bila hadubini. Mgeni huyu ana mabawa angavu yenye ukingo mweusi mwembamba upande wa mbele, mistari miwili ya manjano mgongoni, kiuno chembamba, na tumbo la rangi ya kahawia lenye alama nyeusi inayofanana na herufi T. Wenzake wa asili, wale Ceratitis, ni wadogo kidogo na mabawa yao yamepambwa kwa michirizi ya manjano na kahawia. Tofauti hiyo ina bei yake dukani. Madume wa Bactrocera dorsalis huvutwa kwa nguvu na kemikali iitwayo methili yujenoli, lakini kemikali hiyo haimwiti kabisa Ceratitis cosyra, ambaye huvutwa na terpinili asetati. Na Ceratitis wengine, kama yule wa Mediterania, wana kivutio chao tofauti, trimedlua. Mkulima anayeingia duka la agroveti na kuomba tu dawa ya nzi wa maembe anaweza kurudi na kivutio halisi, kisichoghushiwa wala kupitwa na wakati, akakining'iniza kwa nzi wasiokisikia. Katika maeneo ya joto na ya chini mgeni ndiye ametawala. Utafiti uliofanywa Nguruman, katika Bonde la Ufa, ulionyesha kwamba ilimchukua miaka michache tu kumsukuma cosyra pembeni katika maembe. Kwa hiyo ukikisia tu kuwa ni mgeni, mara nyingi utakuwa umepata, ila mitego miwili yenye vivutio tofauti kwa wiki mbili itakupa jibu lisilo la kukisia.

Halafu kuna watuhumiwa wasio na hatia, na wenye hatia tofauti. Embe likiwa na shimo na uozo, si lazima nzi awe ndiye aliyelitenda. Mbawakavu wa kokwa la embe, ambaye yuko kote katika maeneo yetu ya maembe, hutaga juu ya tunda changa. Funza wake hupenya hadi kwenye kokwa na kuishi humo, mara nyingi akiwa peke yake, mnene na asiye na miguu, huku nyama ya tunda ikibaki nzuri. Dawa yake ni usafi wa magome na kokwa zilizotupwa ovyo, wala mtego wa nzi haumgusi. Madoa meusi yaliyobonyea, yanayosambaa hasa mvua ikinyesha wakati wa kuchanua na kukomaa, ni ugonjwa wa kuvu, nao unahitaji kupogoa matawi na dawa ya kuvu. Vinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyojaa juu ya maembe yaliyooza vimefuata uozo, havikuuleta. Dalili ya nzi mwenyewe ni kitundu kidogo kama cha sindano kwenye ganda, mara nyingine kikitoa tone la utomvu, na kuzunguka kitundu hicho ngozi inalainika na kubadilika rangi. Ukipasua, utakuta funza weupe wengi, wembamba mbele na butu nyuma, na waliokomaa hujikunja na kuruka. Funza anayeruka ni ushahidi mzuri sana, kwa sababu yule wa mbawakavu hawezi. Kisu na dakika tano chini ya mti, kabla ya kwenda dukani, huokoa pesa ambazo pampu haiwezi kuzirudisha.

Sasa tufike kwenye kiini. Jike hutoboa ganda la embe linaloelekea kukomaa na kutaga mayai kwa mafungu. Katika maisha yake, ambayo huweza kufika miezi mitatu, ana uwezo wa kutaga zaidi ya mayai elfu moja. Mayai huanguliwa kwa siku moja hadi tatu. Funza hula nyama ya tunda kwa wiki moja hadi mbili, na kule kula kwao pamoja na bakteria wanaoingia nao hulifanya tunda lioze na kuanguka kabla ya wakati. Hilo la kuanguka lina maana kubwa, kwani tunda linapogonga chini, funza amefikishwa bila jasho mahali anapotaka kwenda. Anatoka, anachimba udongo sentimita 2 hadi 5 tu, anajifunga ndani ya ganda gumu la kahawia lenye umbo la punje ya mchele, na baada ya siku kumi hadi kumi na nne hivi anatoka akiwa nzi mwenye mabawa. Jike huyo mpya bado hawezi kutaga. Anahitaji wiki moja au zaidi ya kula protini, anayoipata katika utomvu, kinyesi cha ndege na bakteria walio juu ya majani, ndipo mayai yake yapevuke. Katika joto la Ukambani, mzunguko wote huweza kukamilika kwa mwezi mmoja na ushei. Msimu wa maembe ni wa miezi minne au mitano. Nzi wachache wa Novemba, waliozaliwa katika maembe ya mwanzo yaliyoachwa yaoze, ndio babu na bibi za kundi linalovamia Kent za Februari.

Pima basi dawa ya kupuliza dhidi ya maisha hayo. Yai na funza wamo ndani ya tunda, na dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya majani huishia kwenye ganda. Yule aliyejifunga yumo udongoni. Nzi mzima ndiye pekee anayeweza kufikiwa, naye hakai mtini siku nzima. Hupumzika katika vichaka vya ua, katika miti ya jirani, katika mimea ya kando ya mto, na kurudi kutaga. Pampu inayolowesha mwembe mzima inawaua waliokuwapo asubuhi hiyo, na baada ya siku chache wengine wametoka udongoni chini ya mti ule ule. Kinachobaki kimekufa moja kwa moja ni marafiki. Mwembe huchavushwa na nzi wa aina nyingine na nyuki, na Kitui ni nchi ya asali. Huko Mwingi wafugaji wa nyuki wamejijengea soko la asali kwa msaada wa icipe hiyo hiyo inayotafiti nzi wa matunda. Kupuliza dawa kali wakati wa kuchanua ni kumwibia jirani mwenye mizinga na kujipunguzia matunda yako mwenyewe. Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, huwafukuza majike wanaokuja kutaga, na pale wanapoishi miembeni ni walinzi wasiodai mshahara. Nao dawa haiwachagui.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo linastahili jibu la haki. Mkulima atasema kwamba jirani yake hupuliza kila wiki na maembe yake ni masafi, na mabroka humwendea yeye kwanza. Inawezekana kweli. Mpulizo wa mara kwa mara hupunguza nzi wazima, na mahali ambapo idadi yao ni ndogo, kupungua huko kunaweza kutosha kwa msimu mmoja. Lakini usafi huo unanunuliwa upya kila wiki, na wiki za mwisho, nzi wanapokuwa wengi na tunda linanukia zaidi, ndizo wiki ambazo lebo ya dawa inakataza kupuliza, kwa sababu muda kati ya dawa ya mwisho na kuvuna lazima uheshimiwe. Anayeuheshimu anabaki bila kinga pale anapoihitaji zaidi. Asiyeuheshimu anamlisha sumu mtoto wa mtu mjini Wote au Nairobi. Njia inayomlazimisha mkulima mwaminifu kuchagua kati ya hasara na dhambi ina kasoro katika msingi wake.

Wapo walioiacha pampu wakaenda kwenye mitego, na hiyo ni hatua mbele, ila nayo ina udanganyifu unaohitaji kusemwa wazi. Chupa ya plastiki yenye matundu, ndani ikiwa na kipande kilicholoweshwa methili yujenoli na sumu kidogo, huweza kujaa mamia ya nzi kwa siku chache. Mkulima akiitazama huona ushindi. Lakini wote waliomo ni madume. Dume mmoja huweza kupanda majike wengi, kwa hiyo ukiwaondoa madume nusu, au hata robo tatu, wale waliobaki wanatosha kuwapa majike wote mayai yenye uhai. Kuwamaliza nzi kwa njia ya madume kunawezekana. Kisiwa cha Rota katika Pasifiki kiliondolewa Bactrocera dorsalis kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Japani ikakamilisha kazi kama hiyo katika visiwa vyake vya kusini mwaka 1986. Tuangalie masharti lakini. Hivyo vilikuwa visiwa vilivyozungukwa na bahari, na vivutio vilisambazwa katika ardhi yote, shamba na msitu, kwa miezi na miaka. Shamba la ekari mbili Kaiti halina bahari kando yake. Kivutio kimoja kikali katikati ya shamba kinaweza hata kuwaita madume wa mbali waje kutembea kwenye miti yako, na ndiyo sababu inashauriwa mitego iwekwe kingoni. Thamani kubwa ya mtego wa namna hii kwa mkulima mmoja ni kumpa habari: nzi wamefika, wanaongezeka, kazi ianze. Thamani ya kuua inakuja pale mashamba mengi yanapoitundika pamoja.

Majike wanafikiwa kwa njaa yao. Kwa kuwa hawawezi kutaga kabla ya kula protini, chambo cha chakula chenye protini huwavuta wao na madume pia, wa mgeni na wa asili, ingawa kwa umbali mfupi kuliko methili yujenoli. icipe imetengeneza chambo cha aina hiyo kutokana na masalia ya hamira ya viwanda vya bia, jambo lililopunguza utegemezi wa vyambo ghali vya kutoka nje. Hutumika kwa kiasi kidogo mno: mililita 50 hivi za mchanganyiko wa chambo na sumu, zinazorushwa kwenye mita moja ya mraba ya majani katika kila mti, mara moja kwa wiki, kuanzia matunda yakiwa bado madogo. Linganisha na lita zinazomwagika katika kulowesha mti mzima. Nzi ndiye anayeifuata sumu, nyuki haitaki, na tunda lenyewe halipakwi. Hapa nakubali kwamba dawa ina nafasi yake. Ninachokataa ni dawa kuwa mpango wote.

Ila hata chambo bora kitachoshwa ikiwa ardhi chini ya mti inaendelea kuzaa. Embe moja lililoanguka linaweza kutoa funza kadhaa au makumi mengi, na kila mmoja wao ni nzi wa wiki mbili zijazo. Kwa hiyo kuokota matunda yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki msimu mzima, ndiyo kazi yenye faida kuliko zote kwa kila shilingi na kila saa. Kuyaokota hakutoshi, lazima yaharibiwe. Shimo la kina cha nusu mita au zaidi, likafukiwa kwa udongo ulioshindiliwa, humzuia nzi kutoka. Shimo la kina cha jembe moja ni kitalu. Kurundika maembe kando ya ua, kama inavyofanyika sana, ni kuwahamishia nzi makao mita ishirini. Mahali ambapo udongo ni mgumu kama tofali Januari, njia nyepesi ni kuyafunika kwa karatasi nzito nyeusi ya nailoni, kingo zote zikikandamizwa kwa udongo, jua likawapika funza kwa siku kadhaa. Ng'ombe na mbuzi wanaweza kulishwa maembe hayo, mradi yaliwe siku hiyo hiyo na yasibaki horini hadi funza watoke. Na tunda lililoiva likaachwa juu kwa kuwa mabroka hawakulitaka lazima nalo literemshwe. Bei mbaya si sababu ya kumlea funza juu ya mti.

Atasema mtu, na atakuwa amesema kweli, kwamba hiyo ni kazi ngumu, inayoangukia akina mama na watoto, na kwamba mwenye miti mia mbili hawezi kuinama chini ya kila mmoja. Jibu langu ni kwamba uzito wa kazi hiyo hutegemea inaanza lini. Anayeanza Novemba, na matunda machache ya mwanzo yaliyochomwa, anaokota kikapu kimoja. Anayeanza Februari anaokota mkokoteni mzima, kwa sababu amewaachia vizazi viwili au vitatu vipite. Kupogoa miti mirefu, kufyeka magugu ili matunda yaonekane, na kuwaacha kuku wakwarue udongo wa juu ambamo funza wamejifunga ni mambo yanayoupunguza mzigo huo bila gharama kubwa.

Kuna pia jeshi jingine, dogo lakini linalofanya kazi usiku na mchana. Nyigu vimelea wa Afrika waliozoea kuwashambulia Ceratitis hawakumweza mgeni. Mwili wa funza wake huyazingira mayai yao na kuyaua. icipe, chini ya mradi wa nzi wa matunda ulioongozwa na mtafiti Sunday Ekesi, ilileta kutoka Hawaii nyigu wawili wanaomfahamu: Fopius arisanus, anayetaga ndani ya yai la nzi, na Diachasmimorpha longicaudata, anayemtafuta funza tundani. Hawa hawamgusi binadamu wala nyuki. Kwa ajili yao kuna namna bora zaidi ya kuharibu matunda: hema la kitambaa lililofungwa kila upande, ambamo maembe yaliyookotwa hutiwa, juu yake kukiwa na dirisha la wavu wenye matundu madogo kiasi kwamba nzi hawezi kupita ila nyigu aliyezaliwa kutoka kwake anapita. Tunda lililooza linakuwa gereza la adui na lango la rafiki kwa wakati mmoja. Udongoni nako kuna kuvu, Metarhizium anisopliae, inayomwagwa chini ya mti na kuwaua wanaojifunga humo. Jambo la kuzingatia ni kwamba wasaidizi hawa wote huangamizwa au kudhoofishwa na dawa ya kulowesha mti, kwa hiyo mtu hawezi kushika njia zote mbili kwa pamoja na kudai anachanganya nguvu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la jirani. Nitaokota, mtu atasema, naye mwenzangu ng'ambo ya mtaro ameiacha miembe yake kwa kuwa mwenyewe anaishi Nairobi. Nzi wake wataruka waje kwangu, nami nimejichosha bure. Ni kweli kwamba nzi huyu huruka mbali na kwamba shamba moja safi kati ya kumi machafu litaumwa. Lakini hilo halithibitishi kuwa usafi hauna faida. Linathibitisha kuwa kipimo cha kazi ni kijiji. Na kama kuna watu katika Kenya wenye sababu ya kuamini kwamba kazi ya kijiji inawezekana, ni wa Ukambani. Mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ndio uliochimba mitaro ya fanya juu ya kuzuia mmomonyoko inayoonekana leo kutoka Mbooni hadi Kilungu. Mwanzoni, wakati wa ukoloni, kazi hiyo ilikuwa ya kulazimishwa na ilichukiwa. Baada ya uhuru watu waliirudia kwa hiari, kwa kuwa waliona udongo unabaki na mavuno yanaongezeka. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti wao uliochapishwa 1994 kuhusu wilaya ya Machakos ambayo hadi 1992 iliijumuisha Makueni, walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano na bado mmomonyoko ulipungua. Kitui nako, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, vikundi vya wanavijiji na shirika la SASOL vilijenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Mtaro unadai mwaka wa jembe. Kuokota maembe ya kijiji kizima kunadai asubuhi mbili kwa wiki kwa miezi minne, na shamba la asiyekuwepo linaweza kuokotwa na kikundi kwa idhini yake, kwa malipo ya maembe mazuri yaliyobaki.

Wengine watauliza kama kuna haja, ikiwa sehemu kubwa sana ya maembe ya Kenya huliwa hapa hapa nchini. Soko la Ulaya lilifungwa na Kenya yenyewe mwaka 2014, kabla ya wanunuzi kulifunga, kwa sababu ya funza waliokutwa katika shehena. Lilifunguliwa tena 2021, baada ya KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, na kaunti kufanya kazi ya kudhibiti nzi mashambani na kuweka utaratibu wa kuyachovya matunda katika maji ya moto. Ni faida nzuri, ila naikubali hoja kwamba wachache tu wataionja. Lakini funza hatofautishi soko. Kiwanda cha matunda cha Kalamba, kilichojengwa na kaunti ya Makueni ili mkulima asitegemee broka peke yake, hakiwezi kusaga rojo safi kutokana na matunda yenye funza. Mama muuzaji wa Emali, anayetandaza maembe kando ya barabara ya Mombasa, hutupa yaliyochomwa kutoka mfukoni mwake. Hata broka anayetoa bei ya kukera hutumia funza kuwa silaha ya kuishusha zaidi, na silaha hiyo anaipata shambani kwa mkulima mwenyewe.

Kazi haiishi Machi pia. Maembe yakimalizika, nzi hawafi wote. Huhamia kwenye machungwa, ambayo Makueni inayo kwa wingi, kwenye mapera, mapapai na matunda ya mwituni ukiwamo mng'ongo. Wapo wanaoshauri miti ya mwituni ikatwe. Ni ushauri mbaya. Mng'ongo hulisha watu, mifugo na nyuki, na ni makao ya nyigu wa asili wanaompunguza Ceratitis. Kuukata ni kuharibu nyika kwa tunda ambalo lingeweza kuokotwa. Kinachofaa ni mtego wa chambo karibu nao wakati unapodondosha, na mapera ya kando ya mto kuhesabiwa katika zamu ya kikundi sawasawa na miembe.

Mwisho, kuna mahali pamoja ambapo mkulima hana mamlaka na serikali inayo. Katika msimu, maembe hukusanywa kando ya barabara, yakapangwa kwa ukubwa, na yaliyokataliwa yakaachwa pale pale kwa malundo, mara nyingi mita chache kutoka kwenye miembe ya watu. Lundo moja la namna hiyo laweza kufuta kazi ya kijiji kizima. Katiba ya 2010 iliipa kaunti jukumu la kilimo cha mazao na udhibiti wa magonjwa ya mimea, na ni kaunti inayotoa leseni za biashara. Kaunti za Makueni na Kitui zinaweza kuamuru kwamba hakuna anayeruhusiwa kufungua kituo cha kukusanyia maembe bila shimo la nusu mita au hema la kuharibia matunda, likaguliwe kila wiki na afisa wa kilimo wa wadi, na anayeacha lundo apoteze leseni ya msimu. Agizo hilo litolewe Septemba, kabla ya mabroka kufika, na likaguliwe kuanzia lori la kwanza la Novemba.